Mratibu wa Maumivu

Kuanzia Jumatatu moja ya Agosti 1997, maumivu yote ya tumbo katika hospitali ya mradi, huku Shinyanga, yaliwekwa chini ya uratibu. Bwana Valerian, Mratibu wa Maumivu, alitangaza mwenyewe mlangoni mwa wodi ya upasuaji, kaunda suti imenyooshwa pasi. Hadi asubuhi hiyo wananchi walikuwa wakiumwa kiholela.

Mgonjwa wa kwanza alimvunja moyo. Apolonia, muuza mchele wa Kharumwa, alikuwa ametolewa mawe ya nyongo alfajiri kwa upasuaji wa matundu: tumbo halichanwi, linatobolewa vitundu vinne, kamera inaingia, kazi inafanyika. Kabla ya kushona, Daktari Tanvir alivichoma vitundu vile dawa ya ganzi. Sasa Apolonia alikuwa amekaa kitandani anakunywa uji, na mumewe Makoye, mchimba dhahabu, anavikagua vitundu kama mashimo ya machimboni.

"Maduara manne," Makoye alisema kwa heshima, "na hakuna lililoporomoka."

"Unaumwa wapi, mama?" Bwana Valerian aliuliza.

"Bega tu, baba. Daktari anasema ni ile hewa waliyonijaza tumboni."

Bega! Operesheni ilikuwa ya tumbo. Maumivu yalikuwa yamehama kituo cha kazi bila barua ya uhamisho.

Hilo lingesameheka, lakini saa tisa wafadhili walikuwa wanakuja kuona mateso, ili watoe gari. Pasipo maumivu, uratibu wa nini? Pasipo uratibu, gari la nini? Kwa busara hiyo alizifungia chupa za ganzi stoo, ufunguo akautia mfukoni. Daktari Tanvir akasema bila ganzi hampasui mtu. Basi Scolastika, mgonjwa aliyepangiwa kupasuliwa mchana, akabaki amejikunja kitandani, jasho linamtoka, ameuma kanga.

"Lia basi, mama, usijibane," Bwana Valerian alimsihi.

Scolastika aliitoa kanga mdomoni. "Sililii gari la mtu mimi."

Ikabaki Apolonia. Aliombwa augue kwa niaba ya wodi. Akajaribu, akacheka.

"Hujui," Bwana Valerian alisema. Akavua koti, akapanda kitanda kilichokuwa wazi, akajifunika shuka. "Sikiliza. Mayo waneee! Mama yanguuu! Nakufaaa!"

Aliugua vizuri mno. Hata Makoye alivua kofia. Na wageni, waliowahi nusu saa, walimkuta humo humo.

"Maskini! Huyu vipi?" aliuliza mama aliyeongoza msafara.

"Shikamoo mama," alisema Apolonia. "Dawa ya ganzi imefungiwa stoo. Mwenzetu yule hapo anangoja kupasuliwa tangu adhuhuri. Na huyu ndiye mwenye ufunguo."

"Mgonjwa ana ufunguo wa stoo?"

Shuka lilifunuka kidogo. Kisha mkono ukachomoza na ufunguo.

Daktari Tanvir aliupokea, akaenda stoo, akarudi na sindano ya ganzi. "Bwana, wewe ni mgonjwa?" aliuliza taratibu, mbele ya wote.

Bwana Valerian alipima. Upande mmoja kulikuwa na aibu, upande wa pili sindano.

"Mgonjwa," akasema.

Akachomwa sehemu nne. Scolastika akapelekwa chumba cha upasuaji, jioni akaamka akiulizia uji. Wageni waliandika kwamba dawa ipo, daktari yupo, ila Mratibu hakuonekana kazini siku nzima. Wakaahidi ganzi ya miaka miwili. Cheo wakashauri kifutwe, na kikafutwa Jumatano. Waliomba pia yule mgonjwa mwenye hali mbaya asiruhusiwe kutoka mpaka apone kabisa. Daktari Tanvir akakubali kwa moyo mkunjufu.

Alhamisi Bwana Valerian, akiwa na gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, alitaka kukata rufaa. Alielezwa kwa upole kwamba malalamiko ya wagonjwa hupokelewa na Mratibu wa Maumivu, na kwa sasa hayupo.