Viraka vya Usalama Vilivyonipandisha Ghorofani

Ndugu Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,

Natumaini u mzima, na mashine zako pia. Mimi ni mtunza bohari, yule wa chini kabisa, nyuma ya mlango wa chuma. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu maelekezo yenu yanasema mwenye tatizo na mfumo alete taarifa kupitia mfumo.

Mnakumbuka mlipoweka viraka vya usalama, yale marekebisho ya kuziba mianya ya programu, kwenye mfumo wa kati, ule unaochukua maombi ya vifaa kwenye kompyuta yangu na kuyafikisha uhasibu, ghorofa ya juu. Nia ilikuwa njema: kuzuia wezi. Tangu hapo hajapita mwizi, wala halijapita ombi langu hata moja. Fundi wenu alinieleza kwa simu kwamba kompyuta yangu sasa inajitambulisha kwa cheti kipya, na ya uhasibu inakijua cha zamani tu, kwa hiyo imeifungia mlango. Akasema nizime niwashe. Nimezima na kuwasha mpaka kitufe kimelegea, na sasa nabeba maombi mwenyewe, kwa miguu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ngazi. Magoti yamenigomea.

2. Mhasibu. Mama huyu ni makini kuliko viraka vyenu. Hatii sahihi kabla ya kusoma karatasi yote, na akisoma ananikalisha. Siwezi kukaa kama gunia, basi tunazungumza. Nimelazimika kujua kwamba alifiwa na mwenzi wake kama mimi, na kwamba akicheka huziba mdomo kwa kalamu. Haya si majukumu ya mtunza bohari.

3. Mavazi. Huwezi kwenda kule juu na grisi. Kila asubuhi napiga pasi shati na kung'arisha viatu. Dada yangu, ninayeishi naye, ameanza maswali, na wapwa zangu wananicheka eti naimba bafuni. Hivi nyumbani kwangu nani atanilinda?

4. Wingi wa kazi. Juzi nilipanda na ombi la msumari mmoja. Msumari mmoja, ndugu yangu! Jana nilipanda mikono mitupu, nikasema ombi nimelisahau chini, nikashuka kulifuata.

5. Afya. Jumatatu mama huyo hakuja, alikuwa na homa. Mchana kutwa nilikosa raha, chakula hakikupita. Naomba iandikwe kuwa ajali kazini.

Kwa hiyo rekebisheni mfumo mara moja. Ikishindikana, uhasibu uhamie chini. Hilo likishindikana, bohari ipande juu, mabomba na yote. Yote yakishindikana, iletwe meza ya mama huyo peke yake, iwekwe karibu na dirisha langu. Nimeshapafagia.

Nisalimie vijana wote wa kitengo, hata yule anayesema kila tatizo ni la mtumiaji. Salamu pia kwa walinzi, wapishi na meneja.

Wako katika kupanda na kushuka,
Mtunza Bohari

Nyongeza: Fundi wenu ameingia sasa hivi. Anasema kazi ni ndogo, ataifanya kompyuta ya uhasibu ikitambue cheti kipya cha yangu na mambo yatakwisha. Nimemwambia bohari imefungwa, tunahesabu mali, nikamsindikiza hadi nje. Tafadhali msimrudishe. Nampenda yule mama, bado sijamwambia, na sina njia nyingine ya kufika mezani kwake.