Tembo Kuvuka Mto

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Msiba! Ooko anahama. Kiwanda cha pamba kimeuzwa, mwenye mali mpya hataki wazee, naye kapunguzwa. Jumamosi anarudi kwao Shirati, yeye na mkewe na masanduku yao yote. Habari hiyo kanipa jana huku akinifunga mchezoni.

Miaka ishirini na miwili tunacheza sataranji ya Kichina hapa kibarazani kwangu Igogo, kila Jumapili baada ya misa. Kete ni vifuniko vya soda nilivyovipaka rangi mwenyewe. Sijamfunga hata mara moja. Na mimi ndiye mwalimu wake! Mimi niliyejifunza kwa Wachina wenyewe, tulipojenga nao reli kule Mbeya.

Teodora, mke wangu, kasema tumuage rafiki yangu kwa kuku. Kuku! Mimi nataka ushindi. Mmoja tu, kabla hajapanda basi.

Jumanne, 5 Agosti

Mungu hamtupi mja wake. Winnie, binti wa kaka yangu, anafundisha kwenye chuo cha kompyuta mjini. Kompyuta moja waliinunua kwa mkandarasi Mchina aliyekuwa akirudi kwao, na mchezo wetu umo ndani! Nikavaa koti nikaenda kufanya mazoezi. Shikamoo baba mdogo, marahaba mwanangu, nikakaa.

Ikanifunga kwa hatua kumi na moja. Haifikiri! Unasogeza kete, hujapumua, imeshakujibu. Adabu gani hiyo? Ooko angalau hukohoa kwanza, akaomba chai.

Nikarudia. Hatua tisa. Winnie akaniambia kwa heshima zote kwamba hicho alichoniwekea ni kiwango cha watoto.

Nimerudi nyumbani kichwa chini. Lakini nilipofika Igogo, wazo! Kwa nini nihangaike kuifunga? Na icheze yenyewe na Ooko. Mimi niwe mkono tu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwambia Ooko kwamba mchezo wa kuagana lazima uwe wa siku mbili, tuanze Alhamisi, tumalize Ijumaa. Nimesema ndivyo wanavyofanya mabingwa wa dunia. Kacheka, kakubali. Teodora kauliza kwa nini nimeficha penseli kwenye soksi. Wanawake wana macho.

Alhamisi, 7 Agosti

Tumeanza asubuhi. Kufika saa sita nimebanwa vibaya. Ubao wetu una mto katikati, na tembo, moja ya kete za Ooko, keshavuka, kasimama karibu kabisa na mkuu wangu, kete ambayo ikinaswa umeshindwa. Hata kumsogeza mkuu pembeni siwezi, maana wakuu wawili hawaruhusiwi kutazamana bila kitu katikati. Ni kama mtu na mama mkwe wake. Sheria hiyo Ooko aliielewa siku ya kwanza, wala sikumaliza kueleza.

Nikashika kichwa, nikasema kinauma, tutaendelea kesho. Alipoondoka tu nikachora ubao wote kwenye karatasi, nikapanda baiskeli mbio hadi chuoni.

Winnie akapanga kete zote kwenye kompyuta kama nilivyochora. Kufika kwa tembo, mashine ikalia. Akamweka tena. Ikalia tena. Akafungua maelezo, akasoma, akanigeukia. Tembo havuki mto, baba mdogo. Hana ruhusa. Kazi yake ni kulinda nyumbani.

Nilimwomba asome tena. Halafu nikaruka juu! Miaka ishirini na miwili Ooko ananifunga kwa tembo mvukaji. Batili! Yote batili! Nimerudi Igogo nikiimba njia nzima.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Nilimsomea mashtaka yake mbele ya Teodora. Ooko hakushtuka. Alikunywa chai yake, akasema anajua. Daktari mmoja Mchina alimwambia tangu mwaka themanini na moja. Kisha akaniuliza kama nimesahau. Si mimi niliyemsimulia kwamba Wachina walinikataza nikawacheka? Si nilisema nimekulia Bunda, nimewaona tembo kwa macho yangu wakivuka mto, Mchina atanifundisha nini juu ya tembo?

Lo! Nikakumbuka kila kitu. Hata nilivyocheka nimekumbuka.

Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema, ukimkosoa mwalimu wako, Jumapili utacheza na nani?

Nikammiminia chai nyingine. Ooko mwenyewe akamwondoa tembo wake, akamrudisha ng'ambo kwao, akasema basi leo tumalize kwa sheria ya kweli. Nikatazama ubao. Mkuu wake yuko wazi. Hatua mbili, nimemfunga! Teodora kaja kusimama nyuma yangu.

Sikuzicheza. Nikasema kichwa kimeanza tena. Ukweli, sikutaka mchezo uishe. Ukiisha ataondoka.

Jumamosi, 9 Agosti

Kaondoka hivyohivyo. Stendi nilimwambia anakimbia kufungwa. Nilikuwa na maneno mengine kabisa, nikarudi nayo nyumbani. Alinishika mkono muda mrefu. Teodora alilia kwa niaba ya wote. Mimi nilikagua kamba za mizigo.

Jumatatu, 11 Agosti

Jana baada ya misa nilikaa kibarazani peke yangu. Majirani waliniita kwenye drafti. Sikwenda.

Leo nimekwenda kwa Winnie. Mashine imenifunga mara nne. Nimemwomba aifanye isubiri kidogo kabla ya kujibu, kama mtu. Kasema haiwezekani.

Nikakaa hapohapo nikamwandikia Ooko barua. Nimemwambia nimeifunga kompyuta mara tatu mfululizo, hadi walimu wa chuo wakapiga makofi. Nimemwambia mashine ilitoka jasho. Mwisho nikaandika kwamba kama ana shaka, apande basi aje aone mwenyewe.

Nimeshaitia posta. Atakuwa na shaka tu, maana ananijua.