Biblia Iliyofunguka Pale Pale

Jumatano, 4 Oktoba 1843
Mwanangu Gottlob karudi kutoka chuo cha wachungaji, Tübingen. Kakonda! Nikampa kabichi chachu na soseji, akala vizuri. Kisha akafungua mdomo. Eti kitabu cha Danieli hakukiandika Danieli. Eti ni mtu asiyejulikana, aliyeishi mamia ya miaka baadaye, wakati mfalme katili alipokuwa akiwaua Wayahudi. Eti huko chuoni huuliza kila neno: nani kaandika, lini, kwa nini.

Kijiko kikanidondoka. Danieli! Pale panaposema waliolala mavumbini wataamka! Ndio mstari Mungu aliotupa siku tuliyomzika binti yangu Rosine, aliyekufa hata meno ya utoto hayajaisha kung'oka. Kama si Danieli, nani basi kaniahidi mtoto wangu?

Wanangu ni wawili tu. Mmoja udongoni, mmoja chuoni. Nataka waamke upande mmoja.

Ijumaa, 6 Oktoba
Nina mpango! Jumapili ndugu wa sala wanakutana kwangu. Kila mtu hufumba macho na kuchomeka kidole gumba katika Biblia iliyofungwa. Mstari kitakaougusa ndio jibu lake kutoka kwa Mungu. Basi cha Gottlob kitaangukia pale pale! Ataona haya, ataamini.

Nimeikunja Biblia pale penye Danieli mpaka mgongo ukalia. Kurasa za jirani nimezipaka uji wa unga zishikane. Juu nimeweka jiwe la kukandamizia kabichi. Nimejaribu: Danieli! Tena: Danieli! Nimecheka peke yangu.

Beate jirani kachungulia, kauliza napika nini. Nikasema uji.

Jumapili, 8 Oktoba
Balaa! Nilisahau kwamba anayeanza ni Ndugu Hägele mfumaji, mkubwa wetu. Kachomeka: Danieli. Tukasema amina. Beate: Danieli. Fundi viatu: Danieli. Hakuna tena aliyesema amina. Ndugu Hägele akapiga magoti, analia kwamba siku ya mwisho imefika, makaburi yanafunguka.

Fundi viatu akamnong'oneza mkewe, "Sasa nguruwe je? Tumchinje leo?"

"Nyamaza wewe! Hata mbele ya hukumu unawaza tumbo!"

Biblia ikamfikia Gottlob. Hakuchomeka kidole. Akapapasa mgongo, akanusa kurasa, akakwangua unga kwa ukucha. Hivyo ndivyo walivyomfundisha huko, kutafuta mkono uliopita. Akatazama mikono yangu. Akajua.

"Ni mimi," akasema. "Niliwachezea. Nisameheni."

Nami nikanyamaza. Mungu wangu, nilinyamaza!

Ndugu Hägele akamfukuza, asikanyage tena penye sala. Beate akasema, "Mnaona? Ndiyo masomo hayo!"

Jumatatu, 9 Oktoba
Kaondoka kwa gari la posta. Hataki tena uchungaji, ataenda kufundisha watoto wa watu huko mbali. Nikamuuliza kwa nini alijitwika kosa langu. Akasema mimi ndiye nitakayebaki kuishi nao.

Kisha akanishika mikono. Akasema huyo mwandishi asiyejulikana bila shaka alikuwa amezika watu wake, akatamani mno waamke. "Kama wewe, mama. Simdharau. Nampenda kuliko nilivyompenda Danieli."

Sikuelewa vizuri. Nikalia kwenye koti lake mpaka mwendesha farasi akakohoa.

Alhamisi, 12 Oktoba
Nyumba kimya. Nimekwenda kwa Ndugu Hägele kumwambia ukweli. Nimefika mlangoni, nikaomba chumvi.

Lakini nimepata mpango mwingine, huu mzuri kabisa! Nimemwandikia: Mwanangu Gottlob, salamu nyingi. Bibi yako anakusalimu, masikio yake ni yale yale, hasikii mpaka upige kelele. Shangazi Dorle anakusalimu, na mumewe, na mapacha wao. Rosine nimempalilia kaburi, naye anakusalimu. Mimi mama yako ni mgonjwa sana, silali, sili, daktari anatikisa kichwa.

Daktari gani! Nimekula bakuli mbili za supu. Lakini mtoto atakimbia kuja, nami nitamweka hapa, nimrudishe kwa ndugu taratibu, bila yeye kujua.

Nikamalizia: jibu upesi, mwanangu, upesi sana, kabla sijapona.