Turpin Juu ya Dungu

Jumanne, 4 Septemba 1951

Usingizi sina. Posa ya Dhadho wangu ni Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala, na mtoto hajui ndondi!

Anamtaka Tuneya, binti wa Mzee Komora mwenye duka hapa Garsen. Msichana mzuri. Mkono wake hauchoki kwenye kinu, na hana maneno mengi. Ubaya ni baba yake. Mzee alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mfalme, akapelekwa vitani Burma, akarudi na ugonjwa wa ndondi. Kila jioni barazani kwake watu wazima wanagombana: bondia gani wa uzani wa kati ndiye mkubwa kuliko wote tangu dunia iumbwe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuwaona. Wanatupiana majina tu mpaka mate yanaruka. Anayekuja kununua chumvi naye huulizwa. Kijana wa posa ataachwa?

Nimemwuliza Baba Dhadho atajibu nini. Kasema mkubwa wao ni yule aliyerudi nyumbani na meno yake yote. Na huyo ndiye msemaji wetu.

Halafu kuna Kassim, mwana wa bibi jirani yetu wa shamba, Batula. Anamtaka Tuneya huyo huyo. Kassim anasoma gazeti! Batula naye hulibeba kwapani kutwa nzima ili tulione. Mimi darasani nilikaa miaka miwili tu, nikatolewa kuja kulea wadogo zangu. Lakini akili sikuiacha huko.

Alhamisi, 6 Septemba

Nimefanya kazi leo! Nimempelekea Mama Tuneya kambare wa kukausha, nikakaa, nikasifu mikeka yake, nikasifu kuku wake, nikasifu hata yule paka mwenye upele. Mwisho nikamwuliza polepole moyo wa mzee umelalia wapi. Akacheka, akasema kwani hujui, mwenzangu, siku hizi ni Turpin asubuhi, Turpin jioni, mimi mke wake naja baada ya Turpin.

Huyu Turpin ni wa Uingereza, mama mzungu, baba mweusi. Mwezi wa saba alimpiga Robinson wa Amerika, ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyemweza. Picha yake imetundikwa dukani juu ya gunia la sukari. Karani wa Bwana D.C. kawaambia watu barazani kwamba Turpin ni mtu wa Mfalme, na sisi ni watu wa Mfalme, kwa hiyo ushindi ni wetu sote. Baba Dhadho akauliza fungu la Garsen litaletwa lini. Ananitia aibu!

Basi ni Turpin. Jioni nikapanda na Dhadho dunguni, kile kichanja kirefu cha kulindia shamba, maana mpunga umeanza kuiva na ndege hawatupi nafasi. Nikampangia hivi: kila ndege wakitua, badala ya kupiga kelele za bure, apaze sauti kuwa Turpin ndiye mkubwa wao kwa sababu amemshinda asiyeshindika. Tunafukuza ndege, tunasoma masomo. Mtoto alikuwa mpole mno, huyu hulia jogoo akichinjwa. Lakini akapaza sauti. Ndege wakakimbia mpaka ng'ambo ya mto. Nilijipongeza.

Jumamosi, 8 Septemba

Uchawi! Kassim alipita dukani jana akamwambia Mzee Komora kuwa Turpin ndiye mkubwa wao kwa sababu amemshinda asiyeshindika. Maneno yangu! Neno kwa neno! Mzee akampa soda.

Nikawaza sana siri imetokea wapi. Nikamshuku Mama Tuneya, nikamshuku paka. Baba Dhadho akaniuliza dungu la Batula liko wapi. Nikamwambia si hapo, shamba la pili. Akaniuliza dungu hujengwa juu kwa nini. Nikamwambia ili sauti ifike mbali. Akaendelea kula ndizi yake. Simpendi akila ndizi hivyo.

Kumbe leo bonde zima, kuanzia kwetu hadi karibu na Kulesa, watu wanafukuza ndege kwa Turpin. Hata vikongwe.

Nimemtafuta Barnabas anayevuta kamba ya feri, maana naye alikuwa Keya. Kanimwagia majina: Ketchel wa zamani, Zale, Cerdan Mfaransa aliyekufa kwa ajali ya eropleni. Kichwa kikauma. Lakini jambo moja nimelishika. Turpin na Robinson wanarudiana Jumatano hii! Barnabas anasema Turpin atashinda tena, Robinson ni mzee. Vizuri.

Tena kaniambia bondia wa uzani wa kati asizidi ratili mia na sitini. Nimemtazama Dhadho wangu. Mtoto hana hata nusu ya nyama hiyo. Usiku nimemlisha wali mara mbili, akasema mama nitapasuka.

Jumatatu, 10 Septemba

Nimepata dawa ya Batula. Kama anaiba maneno dunguni kwangu, nitamwachia maneno ya kuiba!

Tangu alfajiri Dhadho amekuwa akipiga kelele kuwa Mzee Komora anajifanya tu, moyoni yeye ni wa Robinson, na anayemtaka binti yake amtaje Robinson. Mtoto alikataa mwanzo. Alisema ni uwongo, na ndege hawahitaji habari zote hizo. Nikamwambia hutaki mke? Akapiga kelele. Adhuhuri sauti ilianza kukwaruza. Nikampa asali, akaendelea.

Nikamwona Batula katulia dunguni kwake, hatupi hata udongo. Ndege wanamlia mpunga, yeye katega sikio. Nilitaka kucheka nikajiziba kwa leso.

Jumatano, 12 Septemba

Amenasa! Jioni Kassim kaja barazani na kanzu mpya, mbele ya watu wote, kasema Turpin alibahatisha na mkubwa wao ni Robinson. Nilikuwa nyuma ya duka, nimekuja kununua mafuta ya taa ambayo siyahitaji. Nimesikia yote. Mzee Komora kasimama mpaka kigoda kimeanguka. Kamwuliza amekula nini leo. Kamwambia nyumbani mwake, chini ya picha ile, hakuna mtu atakayemtukana Turpin, na siku hiyo hasa anapopanda ulingoni! Kassim kaondoka bila viatu.

Nimempita Batula njiani. Nikamsalimu kwa heshima zote, nikamwuliza hali ya mpunga.

Ila Dhadho sauti haipo kabisa. Akifungua mdomo unatoka upepo tu. Nimemchemshia tangawizi. Ijumaa itakuwa imerudi, inshallah. Neno lenyewe ni moja tu.

Ijumaa, 14 Septemba

Niandike kwa mpango.

Asubuhi lori la Malindi limeleta habari. Robinson ameshinda! Alikuwa anatoka damu juu ya jicho, akamwangusha Turpin raundi ya kumi, refa akasimamisha. Nilikaa chini. Kassim sasa nabii! Dhadho wangu nimemfundisha aseme Turpin, na wanaume wameshamchukua kwenda msikitini. Sikupata njia ya kumwonya.

Baada ya sala tukafika kwa Mzee Komora. Wanaume barazani, sisi wanawake chumbani nyuma ya ukuta wa makuti. Mama mwenye mwana kazi yake ni kukaa kimya na kula halua. Nikachungulia. Picha ya Turpin imegeuzwa, uso ukutani. Mzee macho mekundu. Nikawaza: mtu mzima ana akili, sasa keshahamia kwa aliyeshinda.

Baba Dhadho akaeleza yaliyotuleta. Wazee wakaitikia vizuri. Mambo yalikuwa yanakwenda! Halafu Mzee Komora akamgeukia Dhadho, akauliza kwa sauti ya chini: mwanangu, kwa maoni yako, nani mkubwa wao?

Dhadho akafungua mdomo. Upepo. Akajaribu tena. Machozi yakamtoka kwa uchungu wa koo. Mzee akamtazama, naye akaanza kulengwa na machozi, akamshika bega, akawaambia wenzake tazameni, kijana huyu kushindwa kwa Turpin kumemuuma mpaka hawezi kusema, huyu ndiye mtoto.

Hayo ya mwisho mimi sikuyasikia vizuri. Mama Tuneya ndiye aliyenisimulia baadaye. Kwa sababu wakati ule ule niliona mwanangu kakwama, nikaona posa inazama, nikapenyeza mdomo kwenye makuti nikapiga kelele: ROBINSON!

Kwa sauti ya dunguni.

Halua ilimwagika. Mzee mmoja alisema Lailaha illallah. Mzee Komora aliachia bega la mwanangu. Wazee wakasema posa ambayo mama mwenye mwana amepaza sauti haiwezi kufungwa siku hiyo, turudi mpunga ukishavunwa, na tuje na jogoo wa kufunga mdomo wangu. Baba Dhadho alitembea mbele mpaka nyumbani bila kugeuka. Nikaona mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Dhadho hakunilaumu. Hawezi kusema. Lakini alinitazama, na mimi ni mama, nilisikia.

Jumapili, 16 Septemba

Mama Tuneya kaja kunipa pole. Kaniambia jambo la ajabu. Kwamba Tuneya alishamwambia baba yake tangu Ramadhani kuwa hamtaki mwingine ila Dhadho, na mzee alishakubali. Lile swali la ndondi ni mazungumzo tu, huwauliza hata Waorma wanaoleta maziwa, hajawahi kumkatalia mtu mke kwa ajili ya bondia. Kassim angelitaja jina lolote asingelipewa. Kasema, mwenzangu, safari ijayo njoo ukae, ule halua, basi.

Nikamshukuru. Nikamsindikiza hadi njiani.

Ananificha kitu! Mtu hageuzi picha ukutani kwa mazungumzo tu. Kosa langu nimelijua: nilitegemea uzani mmoja. Nimekwenda moja kwa moja kwenye feri. Barnabas anasema Mzee Komora sasa amechoka na uzani wa kati, anahamia uzani wa juu, na huko hakuna ubishi. Ni Joe Louis. Amerudi ulingoni, na mwezi ujao anapigana na kijana fulani mwenye jina la Kitaliano. Barnabas anasema huyo atafagiliwa. Na mwezi ujao mwishoni ndipo mpunga utakuwa ghalani na sisi tunarudi kwa posa!

Dhadho daktari wa mitishamba kamkataza kupaza sauti. Hapana neno. Kesho alfajiri napanda dunguni mwenyewe.