Koti Moja, Miji Mitano

Jumatatu, 3 Novemba

Mpango umekamilika. Paris, Brussels, Amsterdam, Cologne, Prague. Miji mitano, siku sita, mwezi wa Desemba, maana wakati wa baridi bei hushuka na ndipo wenye akili husafiri. Nimeuandika kwa wino wa rangi tatu. Miaka thelathini ya kukagua mizani za wauza mboga wa Pune haikupita bure.

Nikamsomea Mama Mrunal akiwa anakanda unga. Akauliza jambo moja tu: theluji itaanguka mji gani? Tangu tuoane nimemwahidi theluji. Fungate yetu tulikwenda milimani Mahabaleshwar, ikanyesha mvua. Nikapiga hesabu, nikamjibu kwamba kwa wastani theluji itaanguka kati ya Cologne na Prague, sisi tukiwa ndani ya basi. Akaendelea kukanda, kwa nguvu zaidi.

Kisha akatoa lake. Dada yake Kumudini wa Nashik anakwenda Ulaya na kampuni ya watalii, wanapelekwa mpaka mlimani kwenye theluji yenyewe. Ametushikia nafasi mbili hadi Jumamosi ya tarehe 15. Mpango wangu usipoeleweka kufikia siku hiyo, Mama Mrunal anakwenda na kampuni. Nikitaka nifuate, nisipotaka nibaki na wino wangu. Kampuni! Kwa bei ile wangeniletea theluji nyumbani.

Jumatano, 5 Novemba

Tatizo dogo: koti. Katika jengo letu koti la baridi ya kweli ni moja tu, la jirani yetu Shangazi Yamuna wa nyumba namba mbili, mjane, ambaye mwanawe alimtumia kutoka Toronto. La kahawia, refu, kofia ina manyoya. Kila mtu wa hapa aliyewahi kwenda Ulaya amekwenda nalo. Picha ukutani kwa Joglekar, koti. Picha kwa daktari wa meno, koti lile lile. Vichwa tu ndivyo hubadilika.

Koti moja, sisi wawili. Mwingine angekwama hapo. Mimi nimegawa siku: asubuhi natoka nalo mimi, mchana anatoka nalo Mama Mrunal. Viingilio vya makumbusho vinapungua nusu. Atakachokikosa nitamsimulia.

Nimemweleza. Akasema, "Basi Baba Mrunal, hata hiyo theluji nisimulie tu, yaishe." Nadhani amekubali.

Ijumaa, 7 Novemba

Balaa. Khadilkar wa ghorofa ya tatu, karani mstaafu wa reli, naye anakwenda Ulaya Desemba. Koti ameshaliomba. Alinisimamisha ngazini, akataka kuuona mpango wangu, akausoma mpaka mwisho akitikisa kichwa. Akasema Brussels nimeipa dakika arobaini, na kwamba yeye hata foleni ya choo cha stesheni aliipa zaidi. Nikamwambia mwenye macho haangalii kitu mara mbili.

Nikashuka kwa Shangazi papo hapo. Mlangoni kwake pana kibao: KENGELE NI NZIMA. BONYEZA MARA MOJA, KISHA JIFUNZE SUBIRA. SAA SABA HADI SAA KUMI TUMELALA, HATA JENGO LIKIUNGUA. Ilikuwa saa tisa na nusu. Nikabonyeza mara tatu. Aliyoniambia siyaandiki humu.

Jumapili, 9 Novemba

Nimerudi saa kumi na dakika tano. Nikamgusa miguu kwa heshima, mara mbili. Nikamdokezea, kwa masikitiko makubwa, kwamba kwa Khadilkar kuna nondo wanaokula nguo. Akasema ajabu, maana jana Khadilkar alimwambia kwangu kuna panya. Mtu mzushi sana yule.

Hata hivyo akanipa chai. Akanionyesha picha za koti lake, kumi na moja, kila moja na mnara wake au daraja lake. Akaniuliza kama ni kweli theluji ikianguka haisikiki. Nikamfundisha robo saa nzima juu ya halijoto na uzito wa maji, somo ninalolimudu. Alisikiliza huku ameushika mkono wa koti, kama amemshika mtu. Hakusema atampa nani. Bibi mgumu huyu.

Jumanne, 11 Novemba

Nimemtuma Mama Mrunal. Nilimwandikia maneno ya kusema, hoja sita, kwa mpangilio. Akaiacha karatasi mezani, akachukua kopo la vitafunio vya chakli alivyokaanga mwenyewe, akashuka. Amekaa huko saa mbili na nusu. Nimekula wali wa jana peke yangu.

Amerudi anacheka. Nikamuuliza, vipi? Akasema koti haliendi na Khadilkar, hilo nisiwe na shaka nalo. Ushindi! Nilipanda ngazi mbili mbili nikamwarifu Khadilkar mwenyewe, taratibu, kwa huruma. Nikamshauri avae magazeti ndani ya shati, hasa ya Jumapili kwa kuwa ni mazito.

Jumamosi, 15 Novemba

Siku ya mwisho. Nikamwekea Mama Mrunal mpango mezani, toleo la saba, Brussels sasa dakika hamsini na tano. Hakuugusa. Amevaa sari ya kutokea, anamsubiri Shangazi Yamuna. Wanakwenda kuzilipia zile nafasi mbili.

Yake moja. Na ya Shangazi moja.

Nikauliza imekuwaje. Akasema siku ile ya chakli alimuuliza bibi swali moja tu: wewe mwenyewe umeshafika huko? Bibi akainuka, akatoa pasipoti. Mwanawe aliahidi kumwita Toronto, basi kila pasipoti inapoisha muda huiomba upya. Hii ni ya tatu, haina muhuri hata mmoja. Koti limekwenda Ulaya mara kumi na moja na mwenyewe hata uwanja wa ndege hajauona. "Jengo zima tumekunywa chai yake," akasema, "na hakuna aliyemuuliza." Akanitazama. Nikasema mimi ndiyo kwanza nilikuwa nalifikia hilo, baada ya halijoto.

Na yeye mwenyewe atavaa nini? Kumudini ana koti la ziada. Kumbe tatizo la koti halikuwapo. Ningeambiwa mapema ningelitia kwenye toleo la pili.

Nimeumia. Naandika wazi, nimeumia. Khadilkar amekuja kunipa pole na mfuko wa vitafunio, akakaa saa nzima, akavila vyote mwenyewe akiwa na furaha tele.

Alhamisi, 18 Desemba

Picha imefika. Shangazi ndani ya koti lake, kinywa wazi, manyoya ya kofia yamejaa theluji. Mama Mrunal yuko kando, mikono ameinyoosha mbele, anacheka kicheko ambacho sijakiona tangu binti yetu azaliwe. Ameandika kwamba bibi amekataa kurudi ndani ya basi, watalii thelathini wanamsubiri na hakuna mwenye moyo wa kumwita. Nimeitazama picha hiyo mpaka chai ikapoa. Laiti ningekuwa pale, hata na magazeti kifuani.

Ameandika pia kwamba theluji ameiona na roho yake imeridhika. Baridi ameikoma. Akirudi anataka kukaa kwake ale chakula cha moto, na asisikie neno safari kwa mwaka mzima.

Uchovu tu huo. Asubuhi hii nimepata bei ambayo haitatokea tena maishani: Februari, watu wawili, miji saba, siku tano, ukilipa hurudishiwi. Nimeshalipa. Sikumuuliza, maana hii ni zawadi, na zawadi mtu haulizwi.