Sponji Mpya ya Kifua cha Sanamu

Jumatatu, 4 Machi

Nesi mstaafu amekuja kwenye karakana yetu ya makochi kutufunza huduma ya kwanza. Alhamisi kuna mtihani. Mshindi atakuwa mhudumu rasmi na atakabidhiwa ufunguo wa chumba cha wagonjwa. Chumba kina kitanda. Kitanda! Mimi kila nikishiba mchana husinzia juu ya cherehani. Juzi nilishona mkono wa shati langu kwenye kochi la mteja. Ufunguo huo ni wangu. Nimemwambia mke wangu nataka kuokoa maisha. Akauliza ya nani.

Jumanne, 5 Machi

Tumefunzwa kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama. Tunafanyia sanamu ya plastiki isiyo na miguu. Ikibonyezwa sawasawa, inalia tak. Kila mara nesi alipotaka mtu wa kujaribu, nilinyoosha mkono. Kwangu haikulia. Kwa Njiti, fundi wetu wa kupaka vanishi, mwembamba kama jina lake, ikalia tak, tak, tak! Nesi akasema sote tumtazame yeye. Nikamtazama. Roho iliniuma, sifichi.

Jumatano, 6 Machi

Nimewaza. Njiti ana ufundi lakini hana kilo. Kifua kikiwa kigumu atafanya nini? Na kazi yangu mimi ni nini kama si kujaza sponji? Jioni nimebeba sanamu hadi nyumbani, nimeifunga kwa kitambaa cha kochi. Mama mkwe alikuja kutusalimia. Akaona kichwa kikichungulia, akapiga yowe, akataka kujua nimemuua nani. Mke wangu akamtuliza: mkweo huyu hawezi kumaliza kazi kubwa hivyo. Nikafungua kifua, nikashindilia sponji ngumu ya makochi ya ofisini, nikashona. Mshono hauonekani! Mke wangu akasema najipalia makaa. Haelewi ufundi.

Alhamisi, 7 Machi

Nilijipanga mwisho wa foleni nimtazame Njiti akiaibika. Bosi naye alikuja na kiti chake. Nesi akasema tuanze na yule ambaye wiki nzima mkono wake haukushuka. Wote wakanigeukia. Ningekataa, ningeulizwa sababu. Nikapiga magoti, nikajitupa kwa uzito wangu wote. Sponji ile naijua: haibonyei, inamrudisha mtu alikotoka. Kiuno changu kikalia tak. Ndiyo tak yangu pekee wiki hii.

Nililia kwa sauti, mbele ya bosi. Njiti alifika wa kwanza. Akaniambia nisijisogeze, akanizungushia vitambaa vilivyokunjwa, akaagiza ubao wa kunibebea. Nesi akampa ufunguo palepale, mimi nikiwa bado sakafuni. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, kidogo.

Ijumaa, 8 Machi

Daktari kasema ni misuli tu, nipumzike. Nimekuja kupumzika kazini, maana nyumbani yupo mama mkwe. Njiti kanifungulia chumba cha wagonjwa, kaniletea maji. Halafu akasema, taratibu, kwamba mshono wa sanamu ni mzuri mno, na fundi wa kushona hivyo hapa ni mmoja tu. Hajamwambia bosi. Hatamwambia. Niliona haya kweli, nikamshukuru, machozi yakanilengalenga.

Kisha nikajigeuza, nikasikia mbao za kitanda mbavuni. Godoro hili limelegea! Usingizi utakujaje? Na ile sponji ngumu imebaki kipande kikubwa nyumbani. Nimemwomba Njiti aniachie ufunguo jioni.