Mtaro wa Kombe la Dunia

Jumatatu, 29 Juni 1998

Nimefukuzwa hotelini kwa Abdow. Mimi! Fundi pekee wa TV kutoka hapa Kambu hadi Mtito Andei!

Ilikuwa jana. Ufaransa na Paraguay, sufuri kwa sufuri, muda wa nyongeza. Picha ikawa na chenga, vile vidoadoa vyeupe, upande wa kushoto. Kidogo tu. Madereva wa trela wakasema iko sawa, wacha ikae hivyo. Nikaona hawa watu hawajui picha safi ni nini. Nikapanda kiti, nikaguza kitu nyuma ya ile risiva ya dishi. Giza! Picha iliporudi, Wafaransa walikuwa wanakumbatiana na mechi imekwisha. Goli limeingia, na Kambu nzima hakuna aliyeliona.

Abdow hakunipiga. Alinishika kola, akanitoa nje polepole kama mtu anayetoa paka, akasema nisionekane pale mpaka kombe lipate mwenyewe. Mulei wa kaunta naye akaongeza yake, ati nirudi Form Two nikamalizie. Mulei alimaliza Form Four, na kazi anayofanya ni kuhesabu mandazi. Mimi nilitoka Form Two kwa hiari yangu. Hedimasta naye alikuwa na hiari yake. Zikapatana.

Nimewatangazia vijana wote wa steji: Jumamosi, robo fainali, njooni kwangu, kwa fundi Kisilu. Picha itatoka kwa dishi lile lile la Abdow. Wakauliza itatokaje. Nikawaambia mambo ya ufundi hayaelezwi barabarani.

Itatokaje?

Jumanne, 30 Juni

Waya! Jibu ni waya!

TV ya mjomba iko chumbani kwangu, ndogo, ya betri ya gari. Haijaonyesha kitu tangu mjomba aende Mombasa. Sasa, nyuma ya risiva ya Abdow kuna tundu la pili, halina kazi. Nililiona nikiwa juu ya kiti, kabla ya ile bahati mbaya. Waya uingie tundu hilo, utoke kwa dirisha la jikoni, ushuke shamba la mbaazi hadi kwangu. Abdow aone mpira wake, mimi nione wangu. Hakuna aliyeibiwa.

Roli ya waya wa antena nimepata kwa dereva mmoja, nikampa redio kaseti yangu. Kwa nini dereva wa makabichi anatembea na roli ya waya? Sikuuliza. Mulei amekubali kuchomeka upande wake. Ametaka raba zangu nyeupe, nikavua papo hapo. Nikamuuliza mbona amekubali haraka hivyo. Akasema hajacheka vizuri tangu Pasaka.

Jioni waya ulikuwa umelala juu ya ua, mweusi, umenyooka. Nikarudi nyumbani na akala za tairi miguuni lakini kichwa juu.

Jumatano, 1 Julai

Mbuzi!

Abdow hufunga mbuzi wa nyama nyuma ya hoteli. Wamekula waya. Sisemi kung'ata, nasema kula. Kipande kimoja kilikuwa bado kinaning'inia mdomoni mwa beberu, ananitazama kama mzee aliyekatizwa chakula chake. Nimeunga kwa selotepu.

Dawa ni kufukia. Nikachukua jembe. Ardhi ya Julai huku kwetu si udongo, ni sahani. Nimechimba asubuhi yote, nikapata shimo la kuzika kuku. Kifaranga, kusema kweli. Mikono ikatoka malengelenge, na mikono ya fundi haifai kuharibiwa ovyo.

Nikaketi kivulini kufikiri, ndipo nikasikia wimbo. Wanawake wa mwethya walikuwa wanatoka kuchimba matuta kwa mtu. Mwethya ni kazi ya zamu: leo wote shambani kwako, siku nyingine wote kwangu. Majembe begani, mengi kuliko ya shule. Na mwenyekiti wao ni nani? Mbula. Mama yangu mzazi! Wazo liliniingia kwa nguvu, karibu nianguke.

Wakati wa kula nikamwambia mama kuwa Abdow amekubali kutupa maji ya kisima chake cha pampu. Bomba litakuja Jumamosi kwa lori kutoka Nairobi. Kinachotakiwa ni mtaro tu, kutoka jikoni kwake hadi hapa kwetu, watu wote watekee hapa, mambo ya kwenda kufukua mchanga mtoni yaishe. Mama akaweka kijiko chini. Akauliza, mwanakwa, Abdow amesema hayo kwa mdomo wake? Nikasema kwa mdomo wake. Akauliza mbona amekuambia wewe na si wazee. Nikasema ananiheshimu kama fundi.

Mama akafumba macho akamshukuru Mungu. Maombi marefu, na jina langu ndani. Isyo yangu ikapoa kwenye sahani, mahindi kwa maharagwe, kila punje inaniangalia. Nikashindwa kuimaliza.

Nimeimalizia sasa hivi. Lakini bila raha.

Alhamisi, 2 Julai

Wamekuja wote! Hata wenye watoto mgongoni.

Zamu ya leo haikuwa yetu. Ilikuwa ya Susu Syombua, yule nyanya wa upande wa kilima. Hana mtoto wa kumlimia, na zamu hii ameisubiri tangu mvua iliyopita. Ameitoa. Amesema mwenyewe kuwa matuta yatangoja, maji yakifika atapumzisha mgongo uliokuwa ukienda mtoni tangu wakati wa Mwingereza. Akawa wa kwanza kushika sururu.

Mimi nilikuwa msimamizi. Nilinyoosha kidole. Wakauliza waya ni wa nini, nikasema ni wa kuwashia pampu: nabonyeza hapa, inanguruma kule. Wakasema eeeh! Susu Syombua akanishika mkono akawaonyesha wenzake, ati tazameni mkono wenye akili. Akaona malengelenge. Akasema maskini, kijana amejichosha.

Halafu wakaanza kuimba jina langu. Nikaenda chooni nikakaa mpaka wimbo uishe. Ulikuwa na beti nyingi.

Ijumaa, 3 Julai

Mtaro umefika mlangoni kwangu! Waya chini, udongo kidogo juu yake, nafasi ya bomba imeachwa. Kazi safi, hata mhandisi wa serikali angeona haya.

Mulei amechomeka. Nikawasha. Chenga. Chenga. Halafu kichwa cha mtu anayesoma habari! Kijivu, kimepinda kama muhogo, lakini ni kichwa! Nikaruka nikagonga bati.

Mama alisikia kishindo akadhani ni furaha ya maji. Yeye amekwisha kufunga jogoo miguu, wa kumpelekea Abdow shukrani kesho. Ati huwezi kupokea maji mikono mitupu. Nikamwambia Abdow hapendi kuku. Akasema mtu kama huyo hajazaliwa. Nikasema basi nitampelekea mimi. Akasema zawadi ya kikundi hupelekwa na mwenyekiti.

Ningesema hapo. Maneno yalikuwa yamefika kooni kabisa. Lakini vijana walikuwa mlangoni wakitazama kile kichwa, na walikuwa wananiita injinia.

Jumapili, 5 Julai

Jana sikuandika. Mkono ulikataa.

Jioni vijana walikuja na vigoda. Jioni hiyo hiyo wanawake wakaja na mitungi. Boma moja! Vijana wakajaa chumbani kuangalia Uholanzi na Ajentina. Wanawake wakapanga mitungi ya manjano kutoka mlango wangu hadi zizi la punda, wakaketi kungoja lori la bomba. Mimi nikawa wa kupita katikati. Nje nasema lori limepata pancha Emali. Ndani nasema tulieni, ni moja kwa moja.

Sikujua mama amekwisha kupanda kwa Abdow na jogoo. Ya huko nimesimuliwa na Mulei, kisha akanisimulia tena, kwa utamu wake wote. Hoteli imejaa, moja kwa moja, dakika za mwisho. Mama anaingia na kitambaa chake cha kanisa, anasimama mbele ya TV, jogoo kwapani. Madereva wanapiga kelele, mama, kando kidogo! Mama anasema ana neno fupi kwa mzee Abdow, neno la shukrani ya maji. Abdow anauliza, maji gani, mama? Yale uliyompa mwanangu. Abdow anasema wallahi, mwanao nilimpa mlango tu.

Madereva wakacheka. Mama hakucheka. Akauliza ule waya wa pampu basi unaishia wapi, maana ameufukia kwa mikono yake. Mulei, na raba zangu miguuni, akaonyesha kwa kidole: huo hapo nyuma ya risiva. Mama akaushika, akauvuta aone mwisho wake una nini.

Mwisho wake ulikuwa na risiva. Ikachomoka kwenye rafu, ikaning'inia juu ya sufuria ya chai ikiyumba. Giza! Picha iliporudi, Waholanzi walikuwa wamelaliana juu ya nyasi. Goli limeingia, na Kambu nzima hakuna aliyeliona. Tena.

Kwangu nako Susu Syombua alikuwa amechoka kungoja. Akaingia chumbani na mtungi wake katikati ya vijana, akaniomba nibonyeze hata kabla ya bomba, asikie tu pampu. Picha ilikuwa imekatika dakika hiyo hiyo. Vijana wote wananiangalia. Nikabonyeza swichi ya TV, sijui hata kwa nini. Ikazima. Nikabonyeza tena. Chenga tupu, shhhhhh.

Susu akainamisha kichwa akasikiliza. Akatabasamu.

"Nayasikia," akasema.

Hapo ndipo mama akatokea kwenye mtaro. Jogoo kwapani, Abdow nyuma yake, madereva nyuma ya Abdow. Hakunipigia kelele. Aliwaambia wanawake waende nyumbani, maji hakuna, hayajawahi kuwapo. Wakachukua mitungi. Mitungi mitupu ina kelele! Susu Syombua alikuwa wa mwisho. Alimuuliza mama kama labda yeye amekosea mahali pa kungojea.

Abdow alisema jambo moja, na si kwangu. Alimwambia mama kuwa kisima chake kina maji, na kama mtu mzima angekuja kuomba, wangekaa chini waongee. Sasa jina lake limetumiwa, hataki kusikia habari ya bomba. Nilitamani anipige.

Leo baada ya ibada mama amesimama mbele akaacha uenyekiti. Amesema mtaro ulichimbwa kwa neno lake, na neno lake halikuwa na kitu ndani. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya nguzo. Nguzo za kanisa letu ni nyembamba.

Jumanne, 7 Julai

Hukumu ya kikundi imetoka. Nimepewa punda. Nachota maji mtoni, napeleka kila nyumba iliyochimba, kuanzia kwa Susu Syombua. Vijana wa steji wananiita pampu.

Mama hasemi na mimi. Anasema na punda. Asubuhi amemwambia punda amwambie mwenzake asimwage njiani. Nikamjibu kuwa nimesikia. Akamwambia punda kuwa hakuna aliyeulizwa.

Nilipofika kwa Susu nikamkuta mama huko, peke yake na jembe, anachimba yale matuta ya zamu iliyopotea. Nikashusha mitungi nikachukua jembe la pili. Akalitoa mkononi mwangu, akalilaza chini, akaendelea. Hakuniangalia. Mgongo wake ulikuwa umelowa jasho.

Susu akanipa uji. Hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote. Akaniuliza kama ile mashine bado inalia. Nikasema hapana, Susu. Akasema ilikuwa na sauti nzuri.

Nimelia kidogo njiani. Punda ameona. Labda atamwambia mama, siku hizi wanaongea.

Nimeapa. Uongo basi! Nimeapa kwa sauti, mkono mmoja juu, mwingine kwenye kamba ya punda.

Alhamisi, 9 Julai

Fainali ni Jumapili. Naandika tu. Sina mpango wowote.

Lakini! Njia ya mtoni inapita kwa kanisa la mzee Jonah, lile la juu ya mwamba. Paa lake ni refu kuliko kitu chochote huku. Antena ikikaa pale juu, sihitaji Abdow, sihitaji risiva, sihitaji mtaro. Waya tu, na waya ninao.

Mzee Jonah alikuwa Nunguni kwa mkutano wa injili wiki nzima, habari zangu bado hazijamfikia. Nikampa mtungi mmoja uliokuwa wa Mama Ndululu, mmoja wa waliochimba, tukaongea. Anaogopa radi sana. Nikamwambia kuna chuma cha kuzuia radi, na nitamfungia bure kwa ajili ya Bwana. Ila vijana wa kwaya wapande kukifunga, na waya wake uteremke hadi chumbani kwangu, kwa sababu radi ikishikwa lazima ipelekwe mahali. Akashtuka. Akauliza, ije kwako, kijana wangu, na hutaumia? Nikamwambia lazima mtu mmoja ajitolee.

Machozi yakamlenga. Akanishika mikono yote miwili akaniombea pale pale, mbele ya punda. Punda akageuza uso.

Kwaya inaanza kesho. Mulei nimekwisha kumwambia aje na kigoda chake.

Nimejichunguza moyoni kama nilivyofundishwa. Mimi si mtu wa kurudia kosa. Maji sikuyataja hata mara moja.